Wajuzi wa silaha za kale: upanga huu wa ukutani kwa shangazi ni wa wapi, na una umri gani?

#1 Mjukuu wa Nyangao

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Kuna upanga umening'inia ukutani kwa shangazi yangu Mtama, Lindi, tangu sijazaliwa. Mwezi uliopita nyumba ilikuwa inabadilishwa bati, vitu vikatolewa nje, nikaushika vizuri kwa mara ya kwanza. Nikaondoka nao kuja Dar "kuutunza".

Hadithi ya ukoo ni hii. Baba yake babu alikuwa mpagazi wa jeshi la Mwingereza kwenye vita ya kwanza. Baada ya mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917, akamkuta askari wa Kinaijeria anakata roho chini ya mkorosho. Askari akampa upanga, akamwambia autunze. Hadithi hii nimeisikia kila msiba na kila harusi, na kila ikisimuliwa yule askari anachelewa kufa kidogo zaidi na anaongea maneno mengi zaidi.

Mzee mmoja wa duka la vinyago hapa mjini kauangalia dakika mbili, kasema ni wa Kiarabu, wa Zanzibar, kisha akataja bei ambayo hata mshikaki hupati. Siuzi. Nataka kujua ni kitu gani.

Maelezo: urefu wote sm 96, bapa peke yake sm 81, upana karibu na mpini sm 4.4. Makali kuwili, umenyooka kama rula, ncha ni ya mviringo, haitoboi hata embe bivu. Katikati ya bapa kuna mifereji mitatu myembamba inayokwenda sambamba mpaka karibu robo tatu ya urefu. Kila upande kuna hilali mbili zimepeana mgongo. Kikingio cha mkono kimekaa kama msalaba, ni kama kiboksi cha bati kilichovikwa shaba. Kishikio ni ngozi nyeusi. Juu kabisa kuna kichwa cha shaba kama uyoga uliokaliwa. Ala ni ngozi nyekundu iliyochakaa, ina vipande vya bati jeupe katikati na nchani. Uzito bila ala ni gramu 870 kwa mizani ya jikoni ya mke wangu, ambaye hajui kama niliitumia.

Picha nane hizo hapo. Karibuni.

#2 Mla Dagaa

Nakaa siti ya mbele na karanga zangu. Ngoja waje wenye mambo yao.

#3 Kibosi cha Temeke

Huu ni wa Vita vya Msalaba kabisa! Tazameni huo mpini. Mkuu umekalia utajiri, hama hiyo nyumba usiku huu.

#4 Pwani Tupu

Sheikh wangu wa #1, huyo mzee wa vinyago hajui alisemalo. Mimi ni mtu wa Malindi, Unguja, na panga za kwetu nimezishika. Upanga ule wa Kiomani ulionyooka una mpini mrefu mwembamba, wa mviringo, kama kigongo, na hauna kikingio chochote. Unashikwa pamoja na ngao ndogo ya ngozi kwenye ngoma ya razha, unatikiswa mpaka bapa linaimba. Kitara nacho ni cha kupinda. Huo wako si huu wala si ule.

Jina letu limebandikwa kwenye vyuma vya watu siku nyingi. Kuna jambia la Moroko, mpini wake kama herufi H, vitabu vya Ulaya vya karne ya 19 vililichora na kuliita upanga wa Zanzibar. Kitabu kikanakili kitabu, kosa likatembea miaka na miaka. Kwa hiyo mtu akikwambia "Zanzibar", mwambie akuoneshe kwa nini.

#5 Msafiri wa Kano

Mkuu Mjukuu, nimekaa Kano miaka minne kikazi, na picha ya pili tu ilinitosha. Kihausa huo unaitwa takobi. Watuareg wanauita takuba. Ni upanga wa Saheli: Mali, Nijer, kaskazini ya Naijeria, kaskazini ya Kameruni, mpaka Chadi. Waliubeba Watuareg, Wahausa, Wafulani, Wakanuri. Nilipokuwa Kano, sikukuu ya Idi, kwenye gwaride la farasi wanaloliita Hawan Sallah, niliona watu wamevaa hizo begani kwa mkanda wa ngozi wenye vishada.

Ncha butu isikusumbue. Ni upanga wa kukata, na mara nyingi wa mtu aliye juu ya farasi au ngamia.

Kuhusu Vita vya Msalaba, @Kibosi cha Temeke, huko si wewe wa kwanza. Wazungu waliofika Sahara karne ya 19 waliona mpini wa msalaba wakasema hawa ni wajukuu wa mashujaa wetu waliopotea jangwani. Panga zilizonyooka zenye kikingio cha namna hiyo zilitumika pande zote za Mediterania, kwa Waislamu na kwa Wakristo. Ukiona msalaba kwenye mpini umeona kikingio cha vidole, basi.

Sasa umri. Hapo mkuu itabidi uulize maswali matatu, kwa sababu una vitu vitatu mkononi: bapa, mpini na ala. Bapa zuri huko linarithiwa. Mpini ukilegea linavalishwa mwingine. Ala ya ngozi inaliwa na jasho na panya, inashonwa upya. Unaweza kuwa na bapa la wakati wa babu wa babu, mpini wa babu, na ala ya baba.

Na bapa lenyewe si lazima lizaliwe Afrika. Mjerumani Heinrich Barth alifika Kano 1851, akaandika kwamba mabapa ya Solingen, mji wa kwao Ujerumani, yanaletwa pale, yanavalishwa mipini na mafundi wa Kano, kisha yanauzwa kwa Watuareg na Bornu na kwingineko. Yalivuka Sahara mgongoni mwa ngamia.

#6 Mjukuu wa Nyangao

Mkuu Msafiri, nimesisimka. Kwa hiyo unaweza kuwa Mjerumani aliyevaa kanzu ya Kihausa?

#7 Msafiri wa Kano

Ndiyo, na usione ajabu. Ule upanga wa El Hadj Umar Tall, yule mwanachuoni aliyepigana na Wafaransa na kufariki 1864 huko Bandiagara, ambao Ufaransa iliukabidhi kwa Senegali Novemba 2019 mbele ya Rais Macky Sall, bapa lake limefuliwa Klingenthal, Alsace. Mpini wake una kichwa kama mdomo wa ndege. Wapo wanaobisha kama ni wake kweli au ni wa mwanawe Ahmadou. Chuma cha Ulaya, na bado ni upanga wa Umar Tall. Sioni mgongano hapo.

#8 Dada wa Peckham

Samahani naingilia. Niko London, na panga za Afrika Magharibi nilizoziona makumbusho hazifanani na hii hata kidogo. Zile zina mpini wa mbao wenye mipira miwili iliyovikwa dhahabu, na bapa limepinda na kutobolewa matundu. Hii ni Afrika Magharibi gani?

#9 Msafiri wa Kano

Hizo ni za Waasante, dada yangu, wa Ghana. Zinaitwa akofena. Ni panga za kiti cha enzi, hazikati kitu, zinabebwa mbele ya mfalme na zinaapiwa. Waingereza walipoingia Kumasi 1874 walibeba nyingi. Mwaka 2024 makumbusho mawili ya London yalizirudisha Kumasi kwa mkopo wa miaka mitatu, vitu 32 kwa jumla, pamoja na Mponponso, upanga wa kiapo. Mkopo! Mtu kaiba kuku wako, anakuazima akatage kwako.

Afrika Magharibi ni kubwa. Msituni na pwani kuna jamii moja ya panga: Waasante, Wayoruba na ida yao iliyotanuka kuelekea nchani kama jani, Wabini na ada na eben, Wadahomey na gubasa. Mandinka wana vitara vilivyopinda, mpini hauna kikingio, ala yake imetanuka chini kama mkia wa samaki na ngozi yake imesukwa mpaka unatamani kuila. Saheli ndiyo nchi ya huu ulionyooka. Ukitaka kujua asili anza na umbo, alama njoo nazo mwisho, maana alama mtu yeyote mwenye nyundo anazipiga.

#10 Barabara ya Kassala

Naongeza moja. Nimeendesha malori Sudani. Wao pia wana ulionyooka, kaskara, na watu huzichanganya na takuba kila siku. Ya Sudani kikingio chake ni chuma kitupu, kimetanuka kwenye ncha zake, na kina ulimi unaoshuka juu ya bapa. Takuba haina huo ulimi, kikingio chake ni kiboksi. Kassala wanazifua mpaka leo kwa springi za magari, nimeona kwa macho yangu springi ya Landrova ikigeuka upanga kabla chai haijapoa.

#11 Fundi Chuma Gerezani

Nimesoma juu mpaka chini. Mmeshampeleka Ujerumani bila kupima kitu. Picha ya 5, tazameni hilali. Ya kushoto ina jicho na pua, ya kulia ni kama alama ya ukucha kwenye sabuni. Kiwanda hakifanyi hivyo. Zimepigwa na tindo na mtu mmoja mwenye haraka. Bapa ni la mhunzi wa kienyeji, period, twende mbele.

Halafu picha ya 3, karibu na mpini, mbona pana weupe unang'aa kama kijiko kipya?

#12 Mjukuu wa Nyangao

Hapo... nilipitisha msasa wa maji kidogo. Sentimita tano tu. Nilitaka kuona chini ya kutu kama kuna maandishi.

#13 Fundi Chuma Gerezani

Mungu wangu.

Weka msasa chini. Toa hiyo Brasso ya kung'arishia ninayojua unayo kabatini, mpe jirani. Ile rangi nyeusi ya kahawia ndiyo cheti cha kuzaliwa cha chuma, umeshachana ukurasa. Kuanzia leo ni kitambaa kikavu, tone la mafuta ya cherehani, basi. Ngozi usiitie mafuta ya kula, utawaitia mende. Na usishike bapa kwa mkono wa jasho, kidole chako kitabaki hapo kwa kutu.

#14 Msafiri wa Kano

Fundi yuko sahihi kuhusu msasa. Kuhusu bapa, polepole.

Alama ya hilali ilitoka kwenye mabapa ya Ulaya, ikapendwa Saheli, wahunzi wa huko wakaanza kuinakili. Vivyo hivyo mbwamwitu anayekimbia, alama ya mji wa Passau, Ujerumani, ambayo Solingen nao waliichukua. Mnunuzi wa Kano au Agadez alizoea kwamba bapa jema lina hilali. Basi likija bapa zuri la Ulaya lisilo na alama, mhunzi analipigia hilali apate bei. Kwa hiyo hilali mbaya inaweza kukaa juu ya bapa la kienyeji, na inaweza kukaa juu ya bapa la Solingen. Alama peke yake haijatuambia kitu.

#15 Fundi Chuma Gerezani

Sawa. Basi tupime. @Mjukuu wa Nyangao fanya haya:

Azima vernia, kile kipimo cha unene cha mafundi. Pima unene wa bapa katikati ya mfereji wa kati, kila sentimita kumi. Si upana, unene.

Pitisha ukucha ukingoni mwa kila mfereji. Solingen walisaga kwa mawe makubwa yaliyozungushwa na maji ya mto Wupper, mfereji wao unateleza. Uliochongwa kwa tindo unakwaruza, na ukilaza tochi pembeni utauona unayumba kama mtu anayetoka kilabuni.

Weka ncha kwenye ubao, sukuma taratibu, bapa lipinde kidogo tu, sm 3 hivi. Achia. Niambie linarudi au linakaa. Likigoma usilazimishe!

Na tazama pale bapa linapoingia kwenye kikingio. Nataka kujua kuhusu msuka, yaani ule mkia wa bapa unaoingia ndani ya mpini.

#16 Mla Dagaa

Karanga zimeisha, naenda kununua nyingine.

#17 Kibosi cha Temeke

Si wapeleke maabara wapime kaboni? Wanajua umri wa mifupa ya dinosaria itakuwa upanga.

#18 Mwalimu wa Kidato cha Tano

Kibosi, dinosaria hapimwi kwa kaboni, ni mzee mno kwa kipimo hicho. Upanga una shida ya upande wa pili, ni mtoto mno. Kaboni inapima kilichokuwa hai, kwa hiyo hapa ni ngozi na mbao tu. Na kwa vitu vya miaka mia tatu iliyopita jibu linakuja limegawanyika, linaweza kuangukia 1690 au 1810 au 1920 kwa kipimo kilekile. Kinachoonekana wazi ni kitu cha baada ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960, kwa sababu hewa ilibadilika. Utalipa hela ndefu uambiwe ngozi ni ya ng'ombe aliyekufa kabla au baada ya uhuru.

#19 Mjukuu wa Nyangao

Wakuu nimerudi. Vernia nimeazima kwa fundi wa mashine Tandale, kauliza ya nini, nikamwambia ya upanga, kaniazima huku ananiangalia.

Unene: kwenye mpini mm 4.6. Sm 20 mbele 4.1. Sm 40, 3.4. Sm 60, 2.8. Karibu na ncha 2.1. Unapungua taratibu, hakuna mahali umeruka.

Mifereji: ukucha unateleza wote mitatu, pande zote mbili. Tochi nimelaza, imenyooka.

Kupinda: nimesukuma, umepinda kama upinde, nimeachia ukarudi na kutoa sauti "ziiiing". Mtoto kalia.

Msuka: kuna mwanya mdogo kati ya bapa na kikingio. Kwa tochi naona vichwa viwili vya ribiti.

Jingine nimeliona leo: kuanzia katikati kwenda nchani makali yamekaribia sana mifereji. Upande mmoja kuna kama uwanda mpana kuliko upande mwingine.

#20 Fundi Chuma Gerezani

Nimeshindwa nusu.

Bapa hilo ni la kiwandani. Mhunzi wa kijijini anaweza kufua upanga mzuri, nawaheshimu kuliko mnavyodhani, lakini unene kupungua namna hiyo na mifereji mitatu kunyooka sm 60 pande zote mbili ni jiwe la kusagia na mtu anayefanya hivyo kila siku. Hilali ni za mtu mwingine, mahali pengine, baadaye. Nusu niliyoshinda ni hiyo.

Ribiti mbili maana yake msuka wa asili haupo. Ama ulivunjika, ama ulikuwa mfupi, wakaunganisha mwingine. Na makali kukaribia mifereji ni kunolewa, kunolewa, kunolewa. Huo haukukaa ukutani maisha yake yote. Mtu aliutegemea.

#21 Msafiri wa Kano

Naafiki. Msuka wa kuungwa kwa ribiti ni jambo la kawaida kwenye takuba zenye mabapa ya zamani. Mimi ningesema bapa ni la biashara, Solingen karne ya 19. Kwenda nyuma zaidi nahitaji alama halisi ya kiwanda, na hapo alama halisi haipo.

Mpini: Watuareg hupenda kuvika kikingio ngozi, mafundi wao, inadan, wakafunika chuma chote, kwa sababu kwa mila zao kugusa chuma kitupu si jambo jema. Kusini kwa Wahausa na Wafulani shaba inaachwa ionekane, na kichwa cha mpini kinakuwa kinene. Wako una shaba wazi na uyoga mnene. Naupeleka upande wa Kano, Katsina, Sokoto. Ngozi nyekundu ya ala nayo ni ya huko, wanaipaka rangi kwa mabua ya mtama mwekundu.

Kinachonisumbua ni hilo bati jeupe kwenye ala.

#22 Fundi Chuma Gerezani

Alumini. Nilishaiona, nilikuwa namsubiri aseme. Mkuu weka sumaku, haitashika. Kwaruza kwa ukucha pembeni, ni laini. Ni sufuria iliyokatwa.

#23 Mwalimu wa Kidato cha Tano

Na alumini ni saa nzuri ya ukutani. Kabla ya 1886, ilipogunduliwa njia ya kuizalisha kwa umeme, ilikuwa ghali mno. Mpaka iwe sufuria bovu mkononi mwa fundi ngozi wa Kano tumeshaingia karne ya 20, na si mwanzoni kabisa.

Mjukuu, hapo 1917 yako imeanza kuchechemea.

#24 Mjukuu wa Nyangao

Sumaku haishiki. Naomba mnivumilie, babu yangu hakuwa mwongo.

#25 Mwalimu wa Kidato cha Tano

Hakuna aliyesema ni mwongo, ndugu yangu. Sehemu kubwa ya hadithi ni kweli. Brigedi ya Naijeria ilifika huku mwishoni mwa 1916, na Mahiwa kuanzia tarehe 15 mpaka 18 Oktoba 1917 walichinjwa vibaya na jeshi la Mjerumani Lettow-Vorbeck. Wapagazi walikuwepo kwa maelfu, ndio hao waliotuachia jina la Kariakoo. Wahausa walikuwa wengi kwenye hiyo brigedi.

Lakini takobi ni kitu cha mpandafarasi, cha mtu wa nyumba ya sarki, yaani mfalme wa Kihausa, au tajiri. Askari wa miguu wa Mwingereza anabeba bunduki, risasi, chakula na malaria. Umbebeshe na upanga wa karibu mita moja kutoka Kano mpaka Nyangao? Sikatai, ila nataka ushahidi.

#26 Pwani Tupu

Jamani na ala inaweza kushonwa baadaye, Msafiri mwenyewe kasema. Bapa la 1800 na kitu, ala ya 1950. Hadithi inapona.

#27 Fundi Chuma Gerezani

Ishonwe wapi, Mtama? Kwa ngozi nyekundu ya Kihausa na mshono wa Kihausa?

#28 Pwani Tupu

Hapo umenikamata.

#29 Mjukuu wa Nyangao

Wakuu kaeni vizuri.

Usiku umeme ulikatika, nikawa nachezea tochi ya simu. Mdomo wa ala umechanika kidogo, ngozi ya juu imeachana na ya ndani. Nikamulika. Katikati ya ngozi mbili kuna karatasi imekunjwa tabaka tabaka kuipa ala ugumu. Sikuitoa! Fundi nakuogopa. Lakini ina maandishi ya chapa, makubwa, meusi. Nimeinamisha simu mpaka shingo imeniuma, nimesoma herufi hizi, zimekatika huku na huku:

...IYA TA FI KWA...

Chini yake kuna maandishi madogo, na kuna k na d zenye kindoano juu. Picha ya 9.

#30 Msafiri wa Kano

Nimecheka peke yangu kwenye daladala mpaka kondakta kaniuliza kama niko sawa.

Hiyo ni Gaskiya Ta Fi Kwabo. Gazeti la Kihausa. Maana yake ukweli unashinda senti. Limeanza 1939, mhariri wake wa kwanza ni Abubakar Imam, na lilisomwa Kaskazini yote. Hizo k na d zenye ndoano ni herufi za Kihausa cha maandishi ya kisasa.

Kwa hiyo ala haijashonwa kabla ya 1939. Imeshonwa Naijeria ya Kaskazini na fundi aliyekuwa na gazeti la zamani karibu. Upanga uliingia kwenu ndani ya ala hii, baada ya 1939. Askari wa Mahiwa apumzike kwa amani.

#31 Kibosi cha Temeke

Upanga umefichwa ndani ya gazeti linaloitwa Ukweli. Hii nchi ina mambo.

#32 Mwalimu wa Kidato cha Tano

Sasa tunahitaji mwisho wa pili. Kuna anayekumbuka ulianza lini kukaa ukutani?

#33 Mjukuu wa Nyangao

Nimempigia shangazi. Nilikuwa naogopa, maana niliuchukua bila kusema vizuri.

Nikamwuliza kwa kuzunguka: shangazi, ule upanga uliukuta? Akasema wakati wa Azimio la Arusha alikuwa darasa la tatu na upanga ulikuwepo, maana alikatazwa kuuchezea. Azimio ni 1967. Kwa hiyo tuko kati ya 1939 na 1967.

Nikamwuliza babu alikuwa anafanya kazi gani siku hizo. Akasema: "Baba alikuwa mpishi Dar, kwenye kambi." Kambi gani? "Colito."

#34 Mwalimu wa Kidato cha Tano

COLITO!

Vijana wa humu, Colito ndiyo Lugalo ya leo. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi hapo. Waingereza waliitwa kuzima. Nyerere hakulala usingizi kwa aibu ya kumwita mkoloni wa jana, akaitisha mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika Dar mwezi Februari, akaomba jeshi la Kiafrika liwabadili Waingereza wakati nchi inaunda jeshi jipya.

Waliokuja ni Wanaijeria. Batalioni ya Tatu, chini ya Luteni Kanali James Pam. Walifika Aprili 1964 wakaondoka Septemba. Serikali yao iliongozwa na Abubakar Tafawa Balewa, mtu wa Bauchi, Kaskazini hukohuko.

Mjukuu, rudi kwa shangazi.

#35 Mla Dagaa

Nimeacha karanga. Hii sasa ni ibada.

#36 Mjukuu wa Nyangao

Nimerudi kwa shangazi, safari hii kwa basi mpaka Mtama, na upanga nimeufunga kwenye khanga.

Nimemsimulia yote. Katulia, kasema ndiyo, baba aliwapikia Wanaijeria miezi kadhaa. Walikuwa wanamcheka kwa pilipili zake chache. Mmoja akawa rafiki, walikuwa wanaswali pamoja, akamfundisha kusema "sannu" na yeye akamfundisha "shikamoo". Wakati wa kuondoka akamwachia upanga. Anasema baba alisema ulikuwa wa nyumbani kwao, wa mzee wake.

Nikamwuliza, sasa Mahiwa imetoka wapi? Akasema wapagazi walikuwa upande wa baba yake babu kweli, na Wanaijeria walizikwa Mahiwa kweli, na watoto walipokuwa wanauliza upanga wa nani, jibu lilikuwa "wa Mnaijeria". Waliobaki wakajua Mnaijeria mmoja tu, yule wa vita. Mkorosho ameuongeza mjomba wangu, huyo namjua.

#37 Msafiri wa Kano

Basi mkuu andika hivi nyuma ya picha: bapa ni Solingen, karne ya 19. Hilali ni za mhunzi wa Kihausa, baadaye. Msuka umeungwa. Mpini ni Kano au jirani zake. Ala ni baada ya 1939. Dar es Salaam 1964, kwa mkono wa mpishi. "Wa mzee wake" inaelewana na kunolewa kule kote.

Na tafadhali karatasi ibaki humo humo.

#38 Pwani Tupu

Na yule mzee wa vinyago apelekewe salamu.

#39 Fundi Chuma Gerezani

Upanga uko wapi sasa?

#40 Mjukuu wa Nyangao

Umerudi ukutani, msumari uleule. Shangazi aliufungua kwenye khanga, akaugeuza upande wa kwanza, akaugeuza upande wa pili, akausogeza dirishani. Hakuuliza Solingen wala Kano. Aliweka kidole pale karibu na mpini, akasema: "Na hapa nani kakwangua?"

#41 Fundi Chuma Gerezani

Nilisema.